Nani Kasema, na Amejuaje? Teknolojia ya Darasani na Fikra Tunduizi katika Somo la Kiswahili: Mfano wa Majina ya Voi na Miasenyi

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna vifaa vya teknolojia vilivyomo madarasani vinavyoweza kutumiwa kukuza fikra tunduizi za wanafunzi wa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba kifaa chenyewe hakimfunzi mtu kufikiri. Kinachomfunza ni kuwekwa mbele ya maelezo mawili yasiyopatana, kisha kutakiwa aamue na atoe sababu za uamuzi wake. Kifaa kina thamani pale tu kinapoyaleta maelezo hayo darasani kwa wepesi kuliko vile ambavyo mwalimu angeweza peke yake. Mifano imetokana na masomo machache ambayo mwandishi aliyafundisha katika Gredi ya 8 mwaka 2024, wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja isiyo mbali na Miasenyi, Kaunti ya Taita Taveta. Majina mawili ya mahali, Voi na Miasenyi, ndiyo yaliyokuwa mada ya masomo hayo.

1. Utangulizi

Istilahi ya fikra tunduizi imezoeleka zaidi kwa wenzetu wa Tanzania. Huku Kenya, mtaala wa umilisi husema kufikiri kwa kina na kutatua matatizo. Tumechagua ile ya kwanza kwa sababu kitenzi kutunduia kina maana ya kutazama jambo kwa makini kama afanyavyo mpelelezi, na hivyo ndivyo tulivyowataka wanafunzi wetu wafanye. Kufikiri kwa kina kunaweza kufanywa na mtu aliyefumba macho. Kutunduia hakuwezekani bila kitu cha kutazamwa.

Suala lenyewe si geni katika elimu ya Afrika Mashariki. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjenge kijana mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kutokana na yale yaliyofanywa na wengine na kuyakubali, kuyakataa au kuyarekebisha kulingana na haja zake. Paulo Freire naye, katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1970, aliikosoa elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa kama akaunti ya benki ambamo mwalimu huweka maarifa. Wala hatuna haja ya kurudia hapa ngazi za Bloom za mwaka 1956, kwa kuwa kila mwanafunzi wa ualimu amezikariri. (Tumezikariri. Pengine hilo lenyewe lingestahili makala yake.)

Jambo jipya ni vifaa. Katika kampeni za mwaka 2013 Wakenya waliahidiwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Ahadi hiyo ilianza kutekelezwa mwaka 2016 kwa shule 150 za majaribio, na vifaa vikawa vishikwambi badala ya vipakatalishi. Hatimaye vishikwambi zaidi ya milioni moja viligawanywa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, kila shule ikipata pia kipakatalishi cha mwalimu na projekta. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019, kufikiri kwa kina na ujuzi wa kidijitali vilikuwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Viwili hivyo vimeandikwa katika orodha moja, na kwa kuwa vimekaa karibu, wengi wetu tumedhani kwamba kimoja humleta mwenzake. Makala haya yanatilia shaka dhana hiyo.

2. Kabati na vilivyokuwamo

Sekondari msingi zilipoanza Januari 2023, ziliwekwa ndani ya shule za msingi. Ndivyo nilivyojikuta, mwalimu mwanafunzi wa Gredi ya 8, nikiwa na haki ya kufungua kabati lenye vishikwambi vya wadogo. Havikuwa vimeguswa kwa muda mrefu. Tulivichaji kwa siku mbili, na vilivyowaka na kudumu kipindi kizima vilikuwa saba. Projekta ilifanya kazi, ila darasa lilikuwa na mwanga mwingi mno, na jua la Miasenyi si jua la kuzuiwa kwa shuka moja dirishani. Intaneti ilikuwa ile ya simu yangu tu, kwa pesa zangu, na mawimbi yalipatikana vizuri tukiwa chini ya mwarubaini kuliko ndani ya darasa.

Nayataja haya kwa kuwa makala nyingi kuhusu teknolojia na ufundishaji huandikwa kana kwamba umeme haukatiki. Uhaba huu, hata hivyo, ulituletea faida ambayo sikuitarajia. Vishikwambi saba kwa wanafunzi zaidi ya thelathini vina maana kwamba hakuna anayetazama peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kioo kimoja, na kabla ya mtu kubonyeza kitu ilibidi awashawishi wenzake kwa nini kibonyezwe. Mabishano hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta. Darasa ambalo kila mtoto ana kifaa chake na vipokea sauti masikioni lingekuwa kimya, na mgeni angelisifu.

Wiki yangu ya kwanza niliitumia vibaya. Nilitayarisha maelezo ya ngeli ya mahali kwenye kipakatalishi, nikayaangaza ukutani, na wanafunzi wakayanakili. Mwalimu mlezi wangu, aliyekuwa ameketi nyuma, aliniuliza baada ya kipindi, "Mwalimu, ukuta ule una tofauti gani na ubao?" Sikuwa na jibu.

3. Kivoi na miaka mia nne

Nilianza upya kwa jina wanalolijua wote, yaani Voi. Nilikiomba kila kikundi kieleze asili ya jina hilo, nikawapa kurasa tatu za intaneti nilizokuwa nimezihifadhi kwenye vishikwambi usiku uliotangulia. Zote zilikubaliana. Zilisema mji uliitwa kwa jina la Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba aliyeuza watumwa, ambaye aliweka makazi karibu na Mto Voi takriban miaka 400 iliyopita. Vikundi vyote saba viliandika jibu hilo. Walipoulizwa kwa nini wanaliamini, walisema kwamba kurasa tatu haziwezi kukosea pamoja.

Kisha nikawapa ukurasa wa nne, ambao haukutoka mtandaoni bali katika kitabu cha historia kilichokuwa maktabani. Kivoi anayejulikana katika historia ya Ukambani ni mtu wa karne ya 19. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makao yake Rabai, alimtembelea huko Kitui mwaka 1849, na ni katika safari hiyo alipouona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851, Krapf akiwa katika msafara huohuo. Kwa wasomaji wa jarida hili Krapf ni mtu wa nyumbani, kwani ndiye aliyeandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Wanafunzi wangu hawakuwa na habari naye, lakini hesabu waliijua. Mtu aliyekufa mwaka 1851 hawezi kuwa aliweka makazi miaka 400 kabla ya leo.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Kikundi kimoja kilisema mara moja kwamba kurasa zote ni za uongo. Kingine kikapinga, kikisema huenda jina ni kweli na miaka tu ndiyo iliyokosewa. Msichana mmoja wa kikundi cha tatu akauliza kama hapakuwa na Kivoi wawili, babu na mjukuu, kwa kuwa kwao watoto hupewa majina ya babu zao. Hilo ni wazo zuri. Halijathibitishwa na chochote, lakini linawezekana, na yeye mwenyewe alilitoa likiwa swali. Kisha mvulana aliyekuwa kimya akasema kitu ambacho mimi sikuwa nimekifikiria. Alisoma tena zile kurasa tatu, akaonyesha kwamba zilitumia takriban maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. "Mwalimu, hawa si mashahidi watatu. Ni mmoja amenakiliwa mara mbili."

Hapo ndipo teknolojia iliposaidia kwa namna ambayo kitabu kisingeweza. Kuweka kurasa tatu ubavu kwa ubavu, kutafuta kifungu fulani cha maneno na kukiona kikijirudia ni kazi ya dakika mbili kwenye kioo. Tuliandika ubaoni maswali matatu ambayo yalibaki hapo mpaka mwisho wa muhula: Nani kasema? Amejuaje? Na kama ni kweli, ni kitu gani kingine tungetarajia kukiona? Swali la tatu ndilo gumu, nalo ndilo linalotenganisha kutunduia na kutilia shaka kila kitu. Mwanafunzi anayekataa kila alichoambiwa hajafikiri zaidi ya yule anayekubali kila kitu.

4. Miasenyi au Miaseny?

Somo la pili lilihusu jina la hapohapo walipo. Miasenyi ipo kwenye njia ya Mombasa na Nairobi, upande wa Mombasa kutoka Voi. Tangu reli mpya ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, jina hili limekuwa mojawapo ya majina ya vituo saba vilivyo kati ya Mombasa na Nairobi: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Ukilitafuta mtandaoni, mengi utakayoyapata ni habari za kituo. Wanafunzi waligundua haraka kwamba jina limeandikwa kwa namna mbili. Pengine ni Miasenyi, pengine ni Miaseny, bila irabu ya mwisho. Swali likawa moja tu: ipi ni sahihi, na mnajuaje?

Jibu la kwanza lilitoka katika sarufi. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo Miaseny haiwezi kuwa Kiswahili. Niliwasifu, kisha nikawauliza ni nani aliyewaambia kwamba Miasenyi ni jina la Kiswahili. Walinyamaza.

Tukafungua ramani ya kaunti niliyokuwa nimeipakua, nikaiangaza ukutani (safari hii tukiwa tumeziba dirisha kwa mikeka miwili), nikawaambia watafute majina yanayofanana na hili kwa mwisho wake. Waliorodhesha Wundanyi, Ngerenyi, Mariwenyi, Makwasinyi na Ngambenyi, yote ya Taita Taveta. Walipohamia upande wa Pwani walipata kitu kingine: Mariakani, Likoni, Kilindini, Mikindani. Mkamba mmoja darasani akakumbusha kwamba kwao pia nyumba ikiwa mahali huwa na -ni. Mduruma akaafiki. Mdawida akasema kwao wao ni nyumbenyi.

Darasa lililipuka. Kiambishi -ni cha mahali, ambacho wamekifundishwa tangu wakiwa wadogo (shuleni, mtoni, sokoni), kina ndugu yake katika Kidawida, nacho ni -nyi. Ukiipanda treni Mombasa, kituo cha kwanza kinaishia kwa -ni na cha pili kwa -nyi, kana kwamba mtu amechora mpaka wa lugha kando ya reli. Jina la Mariakani wengi hulihusisha na riaka, yaani podo la mishale, na hivyo -ni yake inaeleweka. Je, -nyi ya Miasenyi nayo inaeleweka hivyohivyo?

Hapa nilitaka wajenge dhana kisha waijaribu kuivunja. Dhana ilikuwa hii: Miasenyi ni shina fulani lililoongezewa kiambishi cha mahali. Kama nyumba huwa nyumbenyi, basi irabu a ya mwisho wa shina hukutana na i ya kiambishi na kuzaa e, kama vile ma- na -ino zinavyozaa meno, au wa- na -ingi zinavyozaa wengi. Kwa hiyo shina la Miasenyi huenda ni Miasa, au Miase. Na kama mi- ya mwanzo ni ile ya miti na mito, basi jina limeundwa kama Miembeni au Mikindani. Haya yote waliyafikia wao. Mimi niliuliza tu.

Ndipo mwanafunzi mmoja akaleta kipingamizi kilichostahili kuchapishwa. "Mwalimu, na Mwinyi je?" Alimkusudia Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Tanzania na aliyefariki dunia Februari mwaka huohuo, jina lake lilikuwa limesikika sana redioni. Mwinyi linaishia kwa -nyi, nalo si mahali bali linatokana na mwenye. Kwa hiyo mwisho wa neno peke yake hauthibitishi kitu. Darasa lilikubali kuiandika upya dhana yao: -nyi inaweza kuwa kiambishi cha mahali pale ambapo neno ni jina la mahali, mahali penyewe pamo katika eneo la wasemaji wa lugha yenye kiambishi hicho, na shina linalobaki lina maana. Sharti la tatu hawakuwa nalo. Hakuna aliyejua Miasa ni nini.

Lakini suala la tahajia lilikuwa limebadilika. Kama dhana ni sahihi, anayeandika Miaseny hakuacha irabu tu. Amekata kiambishi kinachosema kwamba hapa ni mahali, na jina limebaki sauti isiyo na sarufi. Mwenye kuandika ramani au hati akiwa mbali hawezi kulijua hilo. Mtoto wa Gredi ya 8 sasa anaweza kulieleza.

5. Mashine iliyojibu bila kusita

Kwa kuwa sharti la tatu lilikosekana, wanafunzi walitaka kuuliza mtandao. Nilikubali. Tuliketi chini ya mwarubaini, na kwa simu yangu tuliiuliza programu mojawapo ya akili unde (ambayo wengine huiita akili mnemba) maana ya jina Miasenyi. Programu za aina hii zimeenea mno tangu mwishoni mwa mwaka 2022, na wanafunzi wengi wa vyuo vikuu, tuseme ukweli, huziandikisha kazi zao.

Jibu lilikuja kwa Kiswahili kizuri. Lilitaja lugha, likataja neno la asili, likatoa maana na hata hadithi fupi. Wanafunzi walifurahi. Nikawaambia tusubiri mpaka kesho. Kesho yake tuliuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale, na jibu lilikuwa jingine kabisa: lugha nyingine, neno jingine, maana nyingine, utulivu uleule. Sizirudii maana hizo hapa, kwa sababu zikichapishwa katika jarida la chuo zitanukuliwa, na baada ya miaka mitano zitakuwa kama ile miaka 400 ya Kivoi.

Maswali matatu yalikuwa bado ubaoni. Nani kasema? Hakuna mtu. Amejuaje? Tuliiuliza mashine yenyewe imeyatoa wapi, ikaomba radhi na kutoa maana ya tatu. Kuna mwanafunzi aliyecheka mpaka akalala chini. Mwingine aliudhika kwelikweli, na nadhani huyo ndiye aliyejifunza zaidi. Alisema jibu la kwanza angeliandika katika mtihani bila wasiwasi.

Wapo walimu wanaotaka programu hizi zipigwe marufuku. Rai yangu ni kwamba kwa somo la siku ile hakuna kifaa ambacho kingenifaa zaidi. Ila ilibidi swali liwe lile ambalo darasa tayari lina njia ya kulipima. Laiti ningewapeleka kwenye mashine siku ya kwanza, kabla ya ramani na kabla ya nyumbenyi, wangerudi na jibu moja zuri na somo lingekwisha.

6. Walipokwenda kwa wazee

Vishikwambi vilikuwa na kinasasauti. Vikundi vilikwenda navyo kwa wazee siku ya Jumamosi, wakaamkia, wakaomba ruhusa ya kurekodi, na kurudi na sauti. Nilikuwa nimetarajia kwamba hapa ndipo tutakapopata jibu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna mazoea ya kumweka mzee wa kijiji mahali pa kamusi. Mzee mmoja alilihusisha jina na miti. Bibi mmoja alikataa katakata, akalihusisha na maji. Wa tatu alisema waliolijua walikwisha kufa, na kwamba yeye mwenyewe alihamia hapo.

Maswali yaleyale yaliwahusu wazee nao, ingawa tulikubaliana kuyauliza kwa adabu zaidi. Kikundi kilichokwenda kwa bibi kilikuwa kimemuuliza, "Bibi, nawe uliambiwa na nani?" Akajibu kwamba aliambiwa na mama yake mkwe, ambaye alizaliwa hapo. Kwa hiyo yeye ana ukoo wa habari yake, kitu ambacho mashine haikuwa nacho. Hilo halifanyi maji kuwa sahihi na miti kuwa makosa. Linatuambia tu mahali pa kwenda kuuliza tena.

Rekodi zilitupa pia jambo la matamshi. Katika usemi wa polepole, irabu ya mwisho ya Miasenyi ilisikika wazi. Katika usemi wa haraka, nusu ya darasa walisema hawaisikii, na nusu wakaapa kwamba wanaisikia. Tulirudia sekunde zilezile mara nyingi, na hatukupatana. Huenda mgeni aliyeandika Miaseny aliandika alichokisikia. Hili lingeweza kuchunguzwa kwa programu ya Praat, iliyotungwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink, ambayo hutolewa bure na hutumiwa katika maabara za fonetiki duniani kote. Vishikwambi vyetu havingeiweza. Mwanafunzi wa shahada anayetafuta mada ya tasnifu na aichukue hii.

7. Yaliyoshindikana

Nisingependa msomaji adhani kwamba mambo yalikwenda sawa. Vipindi vinne vilimezwa na jina moja, ilhali ratiba ya mada ilitaka niwe nimefika mbali zaidi, na nililazimika kuzipitia sentensi ambatano mbiombio. Wanafunzi wapatao sita hawakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Mabishano huwafaa wenye sauti. Vishikwambi viwili vilizimika na havikuwaka tena. Katika jaribio la mwisho, swali la ngeli ya mahali lilihitaji kujaza pengo tu, na waliokuwa hodari katika mabishano hawakulifanya vizuri kuliko wengine. Mwalimu mlezi aliniambia kwa upole kwamba mtihani haukuuliza nilichofundisha. Ni kweli, na kwangu hilo ni tatizo la mtihani kabla halijawa tatizo la somo. Umilisi unaoorodheshwa katika mtaala lakini haupimwi utaachwa na walimu wote wenye akili timamu.

Kwa idara za Kiswahili zinazowaandaa walimu, nina ombi moja lililo dogo. Kozi zetu za teknolojia ya elimu hutufundisha jinsi ya kutengeneza slaidi, na hapo hukoma. Tungefaidika zaidi kama tungefundishwa jinsi ya kuchagua kurasa tatu zinazogongana na kuzihifadhi kwenye vifaa vibovu usiku wa kuamkia kipindi.

8. Orodha ukutani

Kabla sijaondoka, darasa lilibandika ukutani karatasi kubwa yenye majina ya mahali kando ya njia kutoka Mariakani hadi Voi. Safu ya kwanza ilikuwa jina, ya pili maelezo yaliyopatikana, ya tatu nani kasema. Mbele ya Miasenyi waliandika "miti (mzee), maji (bibi, kwa mama mkwe wake), hatujui", na kwenye mabano "si Miaseny, tazama Wundanyi". Mbele ya Voi waliandika "Kivoi? miaka haipatani". Jina moja lilizua ubishi wa mwisho, nalo ni Mackinnon Road. Wengi walisema halihitaji maelezo, kwa kuwa linajulikana: William Mackinnon alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya Waingereza iliyotawala eneo hili kabla ya serikali yao kulichukua mwaka 1895, na barabara ni barabara. Yule mvulana wa mashahidi watatu alitaka jina hilo liachiwe nafasi tupu katika safu ya pili. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba watu walikuwapo hapo kabla ya Mackinnon, na hawakuwa wakipaita "pale". Palikuwa pakiitwaje?

Walimwachia nafasi hiyo. Nilipopita shuleni mwaka uliofuata kuwasalimu, karatasi ilikuwa bado ipo, na mtu alikuwa ameandika ndani ya nafasi ile kwa kalamu ya risasi, kisha akafuta.